Taa ya Kushoto

Mimi ni karani wa parokia moja iliyo kando ya barabara kuu iendayo Rusumo. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, na daftari la mapato na matumizi. Mambo ya taa za motokaa si kazi ya karani. Lakini nataka kuwaeleza jambo lililotupata mwezi wa Novemba 2021, maana lilianza ndani ya daftari langu.

Siku ya Jumatatu dereva wetu alikuja ofisini akasema, "Karani, globu ya taa ya kushoto imekufa." Nikamwuliza kama ya kulia inawaka. Akasema inawaka. Nikatazama sandukuni, nikaona fedha iliyobaki ni ya mishumaa ya Majilio na divai ya Misa, basi nikaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa: "Globu, mwezi ujao." Dereva hakubishana nami. Alisema tu kwamba, kama ni hivyo, tusitoke usiku. Nikamjibu, "Hatutatoka."

Lakini mgonjwa hangoji mwezi ujao. Alhamisi ya juma lile, jua likizama, kijana mmoja alifika kwa baiskeli kutoka kigango cha mbali, ametota jasho, akimwita Padre kwa sababu bibi yake alikuwa taabani. Padre akachukua Mafuta Matakatifu, nasi tukapanda garini: dereva kulia, Padre katikati, mimi kushoto penye mlango. Tulimkuta bibi yu hai, akapakwa mafuta, akapokea Komunyo. (Akapona pia. Mpaka leo yupo, na akiniona hunicheka kwamba tulikimbilia kumzika.) Tulipoanza safari ya kurudi, saa tatu ya usiku ilikuwa imekwisha pita.

Tulipofika kwenye lami tulikutana na lori kubwa lililowasha taa zake zote. Dereva wetu akapunguza mwendo. Lori lilipopita, mbele yetu palikuwa kama mtu ametufunika blanketi jeusi. Kwa nukta mbili tatu sikuona kitu. Ndipo niliposikia kishindo upande wangu, kama debe lililopigwa kwa rungu. Dereva akakanyaga breki, Padre akaniangukia begani, gari likasimama.

Tuliyemgonga namjua. Ndoa yake niliiandika kitabuni kwa mkono wangu. Alikuwa akikokota baiskeli yenye nusu gunia la mbolea, akirudi nyumbani, naye amevaa koti jeusi kwa sababu ya manyunyu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Tulimfikisha hospitali usiku ule ule, polisi wakaarifiwa, na bima ikaja kulipa matibabu. Mungu ni mwema, hakufa. Lakini ilikuwa Novemba, mvua ya kupandia imeanza, na mkulima asiye na mguu mwezi wa Novemba ana njaa mwezi wa Februari. Vijana wa parokia walimlimia ekari mbili. Hazikupaliliwa kama ambavyo angezipalilia mwenyewe, na mavuno yalionyesha.

Nilipokwenda kumtazama wodini nilidhani atanilaumu. Aliniambia hivi: "Karani, mimi niliwaona tangu mbali. Niliona taa moja, nikasema, hiyo ni pikipiki. Nikajua itapita mbali nami, nikaendelea. Tena nilisema, kama mimi ninawaona, nao wananiona."

Maneno hayo mawili nimeyatafakari sana tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tuanze na la pikipiki. Mtu yule alifuata njia vizuri kabisa. Alikuwa ukingoni upande wake wa kulia, akiyakabili magari yanayokuja, kama watoto wanavyofundishwa shuleni. Gari letu lilikuja upande wake likiwa na taa ya kulia peke yake, yaani ile iliyo karibu na katikati ya barabara. Yeye aliona nuru moja, kumbe kando ya nuru hiyo kulikuwa na zaidi ya mita nzima ya bati na chuma ikija gizani bila dalili. Mimi nilizoea kufikiri kwamba taa ni macho ya dereva, na mwenye jicho moja anaona, ingawa si sana. Sikujua kwamba taa mbili pia humwambia mtu wa miguu gari linaanzia wapi na kuishia wapi. Ikifa moja, gari linasema uongo. Ikiwa iliyokufa ni ya kulia, basi anayedanganywa ni dereva ajaye mbele, maana atadhani nafasi ni kubwa kuliko ilivyo.

Polisi walichukua maelezo. Dereva aliulizwa kama alijua taa imekufa. Akajibu, "Nilijua, nikaendesha." Alitozwa faini. Hakutaja daftari, wala mishumaa, wala mimi. Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi hatua chache tu, nikanyamaza. Majuma mawili nilinyamaza. Kisha katika mkutano wa halmashauri ya walei, mzee mmoja aliposimama kusema dereva aachishwe kazi kwa uzembe, nikaenda nikaleta daftari na kuwasomea yale maandishi ya kalamu ya risasi. Ningeweza kuyafuta, na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kuifikiria ile raba. Dereva hakuachishwa kazi. Faini nilimrudishia kutoka mshahara wangu, na ilinichukua miezi mitatu.

Baada ya hapo nilianza kumwandama fundi wa umeme wa magari pale senta, nikimwuliza maswali mpaka akachoka nami. Yafuatayo mengi nimejifunza kwake, mengine katika vitabu.

Zamani kabisa magari yaliwaka taa za moto, za mafuta au za gesi ya karabai kama zile wazee wetu walizowashia arusini. Cadillac ya mwaka 1912 ilitoka kiwandani na taa za umeme, na baadaye magari yote yakafuata. Globu iliyokufa kwetu ni ya aina iitwayo H4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1971, na hata leo imo katika magari mengi ya vijijini. Ndani yake mna nyuzi mbili. Mmoja, wa wati 60, ni wa mwanga wa juu ambao madereva huuita fulu. Wa pili, wa wati 55, ni wa mwanga wa chini. Chini ya uzi huo wa pili kuna kibakuli kidogo cha bati, kidogo kuliko ukucha, na kazi yake ni kuzuia mwanga usipande ukamchoma machoni mtu anayekuja. Kila kitu kimepimwa. Uzi ukisogea hata kidogo, mwanga hutawanyika.

Kwa sababu hiyo fundi wetu hapendi zile globu mpya nyeupe za LED zinazouzwa barabarani ili zichomekwe mahali pa H4. Taa ya LED iliyotengenezwa kiwandani pamoja na bakuli lake ni nzuri sana, pengine kuliko zote. Lakini ukiichomeka ndani ya bakuli lililopimwa kwa ajili ya uzi wa H4, mwanga unatoka ovyo. Dereva hufurahi kwa sababu karibu na pua ya gari panang'aa kama mchana, wala hajui kwamba kwa kung'aa huko karibu, macho yake yanashindwa kuona mbali. Na anayekuja mbele haoni kabisa.

Tena kuna jambo la kushoto na kulia ambalo sisi wa njia ya Rusumo twapaswa kulijua kuliko wengine. Mwanga wa chini haukutengenezwa sawa pande zote. Katika nchi yetu, tunakoendesha kushoto, upande wa kulia wa mwanga huo hukatwa chini ili usimpige machoni ajaye, na upande wa kushoto huinuliwa kidogo ili uangaze ukingo, wanakopita watu wa miguu na baiskeli. Magari yaliyotumika yatokayo Japani yanatufaa, kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto. Lakini Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Gari lililotengenezwa kwa barabara za huko huinua mwanga wake kulia. Likivuka daraja la Rusumo likaanza kupita kushoto, ule mwanga ulioinuliwa unakwenda moja kwa moja machoni mwetu, na ukingo wa upande wake unabaki gizani. Magari yetu yakienda kwao yanafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usiku ukipigwa na taa kali usimtukane kila dereva kwamba hakushusha taa. Pengine ameshusha.

Basi dereva afanye nini akipigwa? Wetu sasa anafanya hivi: anatazama ukingo wa kushoto wa barabara badala ya taa zinazokuja, anapunguza mwendo kabla hawajapishana, wala hapandishi taa zake kwa kulipiza kisasi, maana vipofu wawili wakielekeana si bora kuliko mmoja. Na macho yana umri pia. Jicho la mtu wa miaka 60, wakati wa giza, hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Padre wetu alipoambiwa hivyo alikasirika, akasema Mungu ndiye anayemwongoza. Juma lililofuata alimkabidhi dereva ufunguo wa akiba.

Sasa lile neno la pili la mgonjwa: kama mimi ninawaona, nao wananiona. Nilisomea ualimu chuoni, na mwalimu hapendi kusema jambo bila kulionyesha ubaoni. Jumamosi moja usiku nilikusanya vijana wa kwaya katika njia ya shule, iliyonyooka, isiyopita magari. Tukaliegesha gari mwanzoni mwa njia, taa zote mbili nzima, mwanga wa chini. Dereva akakaa usukani. Kijana mmoja akaenda mbali, kama mita 200, akarudi polepole kuelekea gari, na tochi mkononi ikiwa imezimwa. Nilimwambia, "Ukiona kwamba dereva amekuona, washa tochi." Naye dereva apige honi akimwona mtu kweli.

Wa kwanza alivaa koti jeusi na suruali nyeusi. Aliwasha tochi angali mbali, zaidi ya mita 80. Dereva kimya. Kijana akaja, akaja, vijana wengine wakaanza kucheka, dereva kimya. Honi ililia alipobakiza mita 30 hivi. Kicheko kikakoma. Tukarudia na wengine, na kila mmoja, hata aliyekwisha kuona makosa ya mwenzake, aliwasha tochi mapema mno. Mwanga unakupiga usoni, unaona hata vifungo vya shati lako, na moyo wako unakataa kabisa kuamini kwamba mtu aliye nyuma ya taa hizo haoni kitu. Binti aliyejifunga kitenge cheupe alionekana kwenye mita 60. Mwenye kizibao cha kung'aa cha bodaboda alionekana tangu mwanzo wa njia, kabla hajapiga hatua. Na hayo yote dereva alikuwa ametulia, gari halitembei, naye anajua kuna mtu anakuja.

Hesabu yake ni nyepesi, mtoto wa darasa la saba ataiweza. Gari la mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila nukta moja. Dereva mzuri, tangu kuona hatari hadi mguu kukanyaga breki, hutumia kama nukta moja na nusu. Gari limekwisha kula mita 33. Breki nazo, kwenye lami kavu, zataka mita 36 hivi. Jumla karibu 70. Mwenye koti jeusi ameonekana kwenye mita 30. Hata ukipunguza hadi kilometa 50, gari hutaka mita 35 kusimama, na lami ikilowa, zaidi. Mwenye kitenge cheupe, kwa mwendo huo wa 50, anasalimika. Yule wa koti jeusi bado.

Tangu usiku ule mke wangu ametoa amri nyumbani kuliko polisi. Mtoto akitumwa dukani jioni hatoki na sweta ya bluu ya shule bila kujifunga kitambaa cheupe kifuani. Baiskeli yangu ina kioo chekundu nyuma na vipande vya karatasi ya kung'aa kwenye matairi na kanyagio. Kanyagio ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu zapanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba huyu ni mtu. Tochi ya simu twaielekeza chini mbele ya miguu, tukiichezesha. Watu wakirudi kutoka mazishini au mkeshani kwa kundi, wa mbele na wa nyuma wawe na nguo nyeupe au taa, maana wa nyuma ndiye anayesahauliwa. Niliangalia mkesha wa Pasaka uliofuata: wabatizwa wapya walipokuwa wakirudi makwao na mavazi yao meupe, ningeweza kuwahesabu mmoja mmoja tangu penye geti mpaka njia panda. Wazazi wao wa ubatizo, waliovaa suti nyeusi, sikuwaona.

Na bado lipo jambo la kuelekeza taa. Globu nzima haitoshi. Mwezi wa Julai, watu wanapoleta zaka ya mahindi, gari letu hurudi na magunia nyuma, na kumbe mkia ukishuka pua inapanda, na mwanga wa chini unakuwa kama fulu. Miaka yote tulikuwa tukiwachoma watu macho kwa mahindi ya Kanisa, na tukishangaa kwa nini wanatupigia taa. Dereva akibeba mzigo mzito siku hizi, kwanza hugeuza kile kigurudumu kidogo cha kushushia taa kilicho karibu na usukani, ambacho kwa muda mrefu tulidhani kimeharibika. Hakikuharibika, hatukukijua tu.

Kuzipima hakuna gharama. Tunaliegesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa ghala, matairi yakiwa na upepo wa kutosha. Tumepima kimo cha taa kutoka ardhini, tukachora kwa chaki mstari wa kimo hicho ukutani, na mstari wa pili sentimeta 10 chini yake. Mwanga wa chini unapaswa kukatika kwenye mstari huo wa pili, huku upande wa kushoto ukipanda kidogo. Ukizidi, fundi au dereva hukaza skrubu iliyo nyuma ya taa. Vioo vya plastiki vikipauka kwa jua, vinasuguliwa mpaka ving'ae, kwani kioo kilichopauka hula mwanga kama masizi katika chemli.

Tunafanya hivyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya jioni, giza likiingia. Katika daftari langu globu ya akiba ina mstari wake, kwa wino, juu ya mishumaa. Yule ndugu wa mguu hutembea sasa, anachechemea kidogo akiwa amechoka. Huja Ijumaa hizo bila kuitwa. Husimama kando ya ukuta na fimbo yake, dereva akawasha, naye akaangalia ya kushoto, akaangalia ya kulia, kisha akasema, "Haya, zima, msimalize betri." Watoto wa katekesimu hupenda kukimbia mbele ya gari ili waone vivuli vyao ukutani. Twawafukuza, wanarudi.